Hema la Kurusha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Shikamoo dada Dina.

Leo naanza kukuandikia, na naahidi mbele ya Mungu kwamba nitakueleza kila kitu kama kilivyokuwa, hata yale niliyokatazwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Salama, anasema shajara ya mtu mwoga haimfai hata mwenyewe. Kwa hiyo naanza na lililo gumu kuliko yote.

Baba amefariki. Tulimzika Jumatatu iliyopita nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Alikuwa anarudi na wageni kutoka Mtae, akakaa juu ya jiwe apumzike kidogo, hakuinuka tena. Baba mdogo Anord anasema hakuteseka. Sijui amejuaje, lakini namshukuru kwa kusema hivyo.

Wewe hukuambiwa. Wazee walikaa, na Bibi akasema mwanamke mwenye mimba hapelekewi msiba, hasa wewe ambaye mimba mbili za kwanza zilitoka, na huko Shinyanga daktari amekuambia ulale upumzike. Utaambiwa ukishajifungua, tena kwa mdomo, na mtu mzima atakayefunga safari kuja kwako. Shemeji Leonard anajua, naye ameahidi kunyamaza. Siku ile uliyopiga simu ukasikia watu wanaimba, tukasema ni mazoezi ya kwaya, ulikuwa mkesha wa baba.

Kuna jambo la pili. Usiku wa pili wa msiba, wageni kutoka Bumbuli walizidi nyumba, na manyunyu yakaanza. Baba mdogo akakumbuka hema la baba, lile wazungu walilomwachia, ambalo mwenyewe alikuwa akiliita hema la kurusha. Akalitoa kwenye mfuko wake, akalirusha juu kama alivyokuwa akimwona baba akifanya. Likafunguka hewani, likatua uani limesimama. Watoto walipiga makofi, wakanyamazishwa. Mama na shangazi wakalala humo.

Juzi matanga yameanuliwa. Mikeka imekunjwa, majivu ya moto wa uani yamezolewa, watu wameaga. Hema limebaki. Kulirusha kila mtu aliwahi kuona, kulikunja hakuna ajuaye, na mama bado analala humo.

Anayejua ni wewe peke yako, tangu kiangazi kile ulichokuwa ukimbebea baba mizigo ya kambi. Na wewe ndiye tusiyeweza kukuuliza, maana ungesema, “Si mumuulize baba?”

Jumatano, 5 Machi

Ukungu siku nzima. Mama hakutoka kunywa chai, nikampelekea kikombe mlangoni mwa hema. Alikipokea kwa mkono tu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo walijaribu. Alikuja baba mdogo, na Clemence aliyekuwa akiongoza wageni pamoja na baba. Fundi Valentino akasimama njiani na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akisema amepita tu.

“Hii ni kazi ya dakika mbili,” baba mdogo alisema, akikunja mikono ya shati.

“Anord, hata kitanda chako hujawahi kukitandika,” Clemence akamwambia.

“Wewe shika huko, acha maneno.”

Walilibana kwa pembeni wakalivingirisha kama mkeka. Lilikubali mpaka nusu, kisha likaruka na kumpiga baba mdogo mdomoni. Akakaa chini kwenye matope, ameshika meno.

“Limekujibu,” Clemence akasema.

“Si wewe ndiye mwongoza wageni? Njoo basi ulikunje.”

“Mimi mahema yangu yana vijiti. Hili, marehemu Hezekia alikuwa akitupa mgongo, anacheka, akigeuka liko mfukoni.” Clemence aliinama akafuta tope kwenye kitambaa. “Nilikuwa najiambia, iko siku nitamwuliza.”

Fundi Valentino akasogea karibu: “Nileteeni mkasi. Nachomoa hizo waya, kitambaa kinatoa mapazia ya nyumba nzima.”

Mama akajibu kutoka ndani ya hema, maana hata wakati wanalikunja alikuwa ametoka kidogo tu, na lilipofunguka akarudi. “Atakayelitia mkasi anikate mimi kwanza.”

Fundi akaaga. Bibi alikuwa kibarazani anapukuchua maharage. Akasema bila kuinua macho, kwa Kishambaa, kwamba mikeka imeanuliwa lakini hili halijaanuliwa, kwa hiyo msiba bado umesimama uani. Mimi nadhani alikuwa amechoka tu, kama mtu anayelalamikia mvua. Lakini mama aliyachukua maneno yale kama amri ya ukoo.

“Mmemsikia mama mkwe,” alisema. “Basi nitalala msibani mpaka msiba utoke.”

Jumapili, 9 Machi

Ulipiga simu baada ya ibada. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa hema nikakusikia, sauti yako ikiwa ndogo ndani ya simu, unauliza baba yuko wapi siku zote hizi.

“Yuko na wageni, mwanangu,” mama akasema. “Wamepanda Mtae, kisha sijui wapi huko. Wageni wa safari hii ni watembezi. Na kule mtandao unajua wenyewe.” Akacheka. Dada, alicheka vizuri kabisa, kama mama wa zamani. Kisha ukaomba kuzungumza nami ukaniuliza mbona sauti yangu imekauka, nikasema mafua.

Simu ilipokatika, mama alijilaza akageukia kitambaa. Nilimkasirikia. Niliona ni mwongo hodari, na niliona haya kwamba anatufundisha Amri Kumi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza.

Jumapili, 16 Machi

Kila mtu anapanda. Kuanzia barabarani mpaka kijitoni matuta yote yamepinduliwa isipokuwa ya kwetu. Jana mimi na Bibi tulipanda viazi kwenye matuta mawili ya juu, Bibi akikaa chini kila baada ya mstari mmoja. Wapita njia walitusalimu kwa Kishambaa, “Onga makeo,” kisha wakatazama hema, kisha wakatazama miguu yao.

Jioni nilimwambia mama, “Mama, godoro limelowa. Njoo ulale ndani.”

“Nimelala na baba yako kitanda kile tangu kabla dada yako hajazaliwa. Unataka niingie leo nijilaze katikati kama malkia?”

“Lala na mimi basi.”

“Msiba haujatoka, Evodia.”

“Msiba umetoka, mama. Hili ni hema.”

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mtu. Nilikwenda kulala bila kumwambia lala salama, na mvua ikapiga kitambaa kile mpaka nikaziba masikio.

Ijumaa, 21 Machi

Mwalimu Salama aliniita baada ya kipindi. Alikuwa amegundua kwamba daftari langu la shajara silipeleki kusahihishwa kama wenzangu. Nikamwambia ni la dada yangu. Nikamwambia pia habari za hema, kwa sababu alikuwa mpole na mimi nilikuwa nimechoka.

Alinipeleka ofisini, akatafuta kwenye simu yake video ya mtu anayekunja hema la namna ile. Mtu huyo alikuwa na furaha nyingi na Kiingereza cha haraka. Analibana, analisimamisha, kisha mikono inafanya kitu, na hema ni duara. Tuliitazama tena na tena.

“Hapo katikati,” Mwalimu Salama akasema, “hata mimi sioni mkono unakwenda wapi.”

Tukacheka kidogo. Kisha akaniuliza kama mama anakula. Ni mtu wa kwanza kuuliza hivyo. Yeye kwao ni Tanga mjini, na huku kwetu bado analalamika baridi, lakini leo alivua mtandio wake akaniambia nimpelekee mama wa hema.

Nilijaribu mara tu nilipofika nyumbani, mama alipotoka kuoga. Kubana naweza sasa. Nikilisimamisha, linanishinda nguvu na kufunguka.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nilifanya jambo la hatari. Ulipopiga, mama alikuwa amesinzia, nikatoka na simu mpaka kwenye mti wa plamu.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Mbona unanong'ona?”

“Mama amelala. Dada, shuleni skauti wameletewa hema kama lile la baba. Linakunjwaje?”

“Kama lile la baba?”

“Kama lile lile.”

“Ulibane kwanza pande zote liwe bapa, kama chapati iliyokunjwa mara moja. Ulisimamishe. Halafu...” Ukacheka. “Halafu kwa maneno haielezeki. Muulize baba, yeye ndiye mwalimu.”

“Baba yuko safarini.”

“Safari ya tangu mwezi wa pili hiyo.”

Nilikuwa natazama tone la maji kwenye ncha ya tawi, linavimba lakini halidondoki. Nawe ulikaa kimya hata nikadhani mtandao umekatika.

“Sawa, mdogo wangu,” ukasema mwisho. “Mwambie mama nimepiga. Msimwamshe.”

Nilirudi uani nikijipongeza kwamba nimefaulu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Hisabati. Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Umepiga ukaongea na mama habari za nguo za mtoto na za kichefuchefu. Kwa mara ya kwanza hukumwulizia baba. Mama alifurahi. “Ameanza kuzoea,” akasema.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye benchi la zahanati, daftari magotini. Nitaandika yote.

Tulitoka shule mapema kwa sababu ya giza la mvua. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya kanisa upepo ulipokuja, ule unaopanda kutoka Mombo na kugonga mlima. Mabati yalilia. Nilikimbia. Nilipofika juu ya nyumba niliona uani hakuna hema. Kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kisha nikaliona chini kwenye matuta, linajiviringisha kama tairi, na mama nyuma yake. Alikuwa amevaa sweta la baba la kijani, na kanga imemfunguka. Anaanguka, anaamka, anaita. Dada, alikuwa analiita hema kwa jina la baba. “Hezekia. Hezekia, subiri.” Jirani yetu Kristian alikuwa anazibua mfereji wake, akasimama na jembe mkononi, hakujua afanye nini.

Hema liligota kwenye miti ya Kristian. Mama akalifikia, akalikumbatia, akaingia ndani yake huko huko, likiwa limelala ubavu juu ya maharage ya watu.

Niliteremka kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Nilipiga magoti mlangoni. Humo ndani kulikuwa na harufu ya moshi wa kuni na ya ile dawa ya mbu aliyokuwa akijipaka baba. Nilikuwa sijaingia humo tangu msiba. Sikujua kwamba harufu bado ipo.

“Mama, tutoke.”

“Limeloa tu. Halikuchanika,” alisema. Meno yalikuwa yanagongana.

“Mama, kwa nini? Niambie. Si kwa sababu ya Bibi.”

Alisema polepole, kama anayemsomesha mtoto: “Lilikuwa linakaa wapi, hili, baba yako akiwa nyumbani?”

“Kwenye msumari, nyuma ya mlango.”

“Nikiamka asubuhi nikaona msumari una kitu, najua amerudi, hata kama alifika mimi nimelala. Nikiona msumari mtupu, najua yuko njiani, hema limesimama mahali, na yeye amelala ndani yake. Miaka yote nimeishi hivyo.” Akanishika mkono. Wake ulikuwa wa moto. “Sasa tukilikunja, Evodia, tukalitundika. Nitaamka, nitaona msumari una kitu. Nitasema nani amerudi?”

Nilimfunga kanga yake iliyokuwa imefunguka.

“Na dada yako nikimwambia baba yuko safarini, nikiwa ndani ya hili, naona sisemi uongo sana.”

Nilikuwa nimemwita mwongo hodari katika daftari hili. Nimelitazama neno lile, na nitaliacha, kwa kuwa niliahidi kusema yote.

Kristian alimpakia mama kwenye pikipiki yake, nami nikapanda nyuma kumshikilia. Wanasema ni kichomi. Amechomwa sindano, amelala. Bibi amekuja kwa miguu kwenye mvua ile ile, ameketi pembeni yangu na anarudia maneno yale yale, “Mimi nilisema tu. Mimi nilisema tu.”

Jumapili, 13 Aprili

Mama amerudi. Clemence na Kristian walikuwa wamelipandisha hema na kulifunga kwa kamba kwenye mawe. Mama aliwashukuru, akaingia humo. Hakuna aliyemzuia. Bibi amehamia humo pia, ili asilale peke yake. Nasikia wazee hao wawili wanakohoa kwa zamu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mchungaji alihubiri kaburi tupu. Mama alitazama mikono yake muda wote.

Jumamosi, 3 Mei

Umepiga asubuhi, ukaniomba mimi, si mama.

“Evo, chukua kalamu.”

“Ninayo.”

“Lile hema la skauti. Ukishalisimamisha, piga goti moja chini ulizuie lisiteleze. Mkono mmoja juu kabisa. Sukuma ile juu iiname mbele yako, isiende upande. Itaanza kujigeuza yenyewe. Hapo ndipo watu wote wanakosea, wanashindana nayo. Usishindane. Iache igeuke, wewe uifuate. Umeandika?”

“Nimeandika.”

“Zitakuwa duara mbili. Ilaze moja juu ya nyingine, imekwisha.” Ulikuwa unapumua kwa shida kidogo, nikadhani ni tumbo. “Na mfuko usiuvute kamba wewe. Muachie mama. Halafu mlale ndani nyote, baridi ya Mei ni mbaya.”

“Ndiyo dada.”

“Haya. Soma kwa bidii.”

Nilikimbilia uani hata sikukuaga vizuri. Nilikuwa nafikiria goti na mkono tu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimelijaribu mama na Bibi wakiwa jikoni, limenipiga shavuni. Nimeenda shule na alama, Happiness anayekaa dawati langu akaniuliza kama nimeolewa.

Alhamisi, 8 Mei

Maneno ninayo, mikono haina. Naogopa likianza kujigeuza, na nikiogopa nakaza, na nikikaza linaruka.

Leo nilikuwa nateka maji kijitoni, nikavua kanga nisokote ngata ya kuwekea ndoo kichwani. Nimesokota ngata tangu nina miaka mitano, sijawahi kuitazama. Leo nikaitazama. Unaisokota kanga inakaza, inakaza, halafu inafika mahali inachoka, inajipinda yenyewe na kujiviringa. Hapo huikazi tena. Unailegezea mkono, unaionyesha njia, nayo inakaa duara. Nilisimama pale na kuisokota na kuifungua mpaka wenzangu wakaanza kunicheka na kupiga ndoo zao.

“Evodia, maji yanapita.”

“Yapite.”

Nimerudi nyumbani nikiwa na ndoo nusu. Sitajaribu leo. Nitangoja Jumamosi, mama akiwa macho na mvua ikiwa imepumzika.

Jumamosi, 10 Mei

Kulikuwa na jua asubuhi, dogo, la rangi ya maziwa. Nilimwomba mama na Bibi watoke. Bibi alitoka na godoro lake mwenyewe. Mama akabaki amekaa.

“Mama, sitalikunja bila ruhusa yako,” nikasema. “Lakini najua sasa.”

“Umefundishwa na nani?”

“Na dada. Anadhani ni la skauti.”

Alitazama zile kuta muda mrefu. Akavua sweta la baba, akalinusa, akalivaa tena. Kisha akatoka kwa magoti, akasimama kando ya Bibi, wameshikana viwiko.

Nilifungua kamba za mawe, nikabana pande zote mpaka likawa bapa. Nikalisimamisha. Nikapiga goti. Nilipoisukuma ile juu, niliisikia ikitetemeka mkononi kama mbuzi anayetaka kukimbia. Kisha ikaanza kugeuka. Nililegeza. Dada, niliilegezea, nikaifuata, nami nilikuwa nalia kwa sababu ilikuwa inakwenda, na sikutaka iende. Duara mbili. Nikailaza moja juu ya nyingine. Likawa kitu kidogo mikononi mwangu, kama ungo.

Bibi akasema amina, bila mtu kuomba.

“Kamba ya mfuko uvute wewe,” nikamwambia mama.

Alivuta. Alichelewa sana kufunga fundo. Pale uani pamebaki duara la majani meupe, yamelala chini yote, na mende wa shambani wakikimbia mwangani. Mama aliyatazama majani yale kama alivyolitazama kaburi. Kisha akaomba fagio, akafagia uani kote isipokuwa pale.

Hema halikutundikwa msumarini. Mama aliliweka mwenyewe chini ya kitanda, upande wa baba. Usiku huu amelala upande wake. Mimi niko naye, naandika haya kwa taa ya simu, na upande wa baba hatujaukalia.

Jumatatu, 12 Mei

Mama ameenda shambani. Amechelewa kupanda, lakini ameenda.

Alhamisi, 22 Mei

Shemeji Leonard amepiga alfajiri. Umejifungua salama, mtoto wa kiume, naye analia kwa nguvu. Alisema ulitaja jina kabla hajakuuliza, kwamba ataitwa Hezekia. Mama alipiga kigelegele kimoja tu, kisha akashika mwimo wa mlango na kukaa chini taratibu. Bibi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi sikujua nimfuate nani.

Baba mdogo atasafiri kesho kutwa kukupasha habari. Amenyoa ndevu. Tangu asubuhi anazunguka nyuma ya nyumba akijizoeza namna ya kuanza, nami namsikia: “Dina mwanangu, kaa chini.” Anaacha. Anaanza tena.

Ijumaa, 23 Mei

Dada, nilikuwa nimeshafunga daftari hili nimpe baba mdogo. Nikalifungua nisome tena nisahihishe makosa, kama tulivyofundishwa. Nikafika kwenye maneno yako ya tarehe tatu Mei.

Halafu mlale ndani nyote.

Nani alikuambia kwamba tulikuwa tunalala nje? Nimemwuliza mama kama aliwahi kukutajia. Ameapa, hata siku moja. Bibi hashiki simu. Nimempigia shemeji Leonard kwa siri, naye anasema hakuthubutu, na kwamba wiki zote hizi amekuwa akiingia chumbani akikukuta umelala umegeukia ukuta, anatoka kwa kunyata asikuamshe. Na skauti hawakuwa na mama wa kuvuta kamba ya mfuko.

Nimerudi nyuma nikatafuta siku uliyoacha kumwulizia baba, nimeiona. Mama alikuwa anacheka kwenye simu ili usijue, na wewe ulikuwa unaulizia nguo za mtoto ili asijue kwamba unajua. Sisi hapa tulikuwa na mikeka na kwaya na wageni wa Bumbuli. Mama alikuwa na hema, na hata Bibi alihamia humo.

Baba mdogo sijamwambia. Muache aseme alivyojizoeza, amejizoeza sana. Ukae chini anapokuambia ukae. Lakini atarudi Jumamosi ijayo, na hili naomba umpe jibu lake mkononi, hata kwa mstari mmoja:

Ulijua tangu lini, dada, na muda wote huo ulikuwa unamlilia baba na nani?